Sukari Iliyotoka kwenye Mabibo

Mjukuu wangu Somoe,

Marahaba, shikamoo yako imefika Newala. Mama yako hajambo, anapalilia mihogo.

Unauliza kutoka chuoni nani alinifundisha kutoa sukari kwenye mabibo. Uvivu! Wanunuzi binafsi walipoanza kuja walitaka korosho tu, mabibo, yale matunda yake, yakawa yanaoza. Nikayakamua na kuyachemsha maji yake, lakini bado yalikwangua koo. Mama wa babu yako akanicheka: "Unamaliza kuni bure."

Siku moja nikayamimina kwenye chungu ambacho sikukiosha, kina mabaki ya uji wa muhogo. Kufika adhuhuri ukakasi wote umezama pamoja na ule uji, juu yamebaki maji maangavu! Nikayachemsha yakawa mazito kama asali, nikamtilia mama mkwe kwenye chai.

Akamaliza vikombe viwili. "Sukari hii umenunua wapi?"

Nikamwonyesha mkorosho wake mwenyewe.

Wasimulie walimu wako.

Bibi yako, mvivu wa kuosha vyombo