Siku Asumani Alipoushika Mpira

Zaina mjukuu wangu,

Hapa Mangobo tuko wazima. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, na goti langu bado linanisumbua. Umeniuliza ufanyeje na mtoto wa hospitali yenu aliyekunywa soda kali ya kupikia sabuni, anayeng'ata ule mrija wa mpira kila mnapoupitisha kumpanua koo.

Mdogo wangu Asumani alikuwa vilevile. Mama alipika sabuni ya mawese, akaacha maji ya soda kwenye kikombe, mtoto akanywa. Vidonda vilipopona koo likabaki jembamba, hata uji ulirudi. Kila wiki muuguzi alimpitishia mpira kooni, nasi tukimkandamiza mikono na miguu.

Kisha waasi wakaingia mjini. Hayo nayaacha. Muuguzi hakukimbia, lakini papa, baba yetu, alikuwa amejificha na mama alikuwa na mimba kubwa. Nikabaki mimi peke yangu wa kumshika, na nguvu sikuwa nazo.

Asumani akamnyooshea muuguzi mkono, akimwita tonton, yaani mjomba. "Tonton, leta. Nitameza miye mwenyewe."

Muuguzi akasita. "Bon, sawa. Polepole, mutoto." Akamwongoza mkono. Machozi yalimtoka Asumani, lakini hakung'ata, na mpira ukashuka.

Muulize daktari wenu kama yule mtoto wenu naye anaweza kuushika mpira mwenyewe.

Hatukumkandamiza tena. Baada ya miezi mingi alikula fufu ya muhogo na samaki, taratibu, hadi sahani ikawa tupu.

"Mama, iko ingine?"

Mama akamsogezea sahani yake, akatoka nje, akalia.

Mungu akutunze kazini.

Koko wako, Mariamu