Tikiti la Kwanza Hula Mavyaa

Jumamosi jioni, Mwera. Jua limewaka tangu asubuhi mpaka mabati yanalia, upepo hakuna, na mimi nina furaha mpaka najiona nimenenepa.

Leo sijifichi, najisifu. Asiyetaka kusoma majisifu ya mwanamke wa shamba afunge ukurasa, akachambue mchele.

Matikiti yangu yameondoka. Muda huu yatakuwa yamefika Usagara, mjini Tanga, na yameondoka yakiwa matamu.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni Msambaa, nimekulia Lushoto kwenye kabichi, karoti na ukungu, nikaolewa huku Pwani. Mume wangu ni dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge. Kishamba cha bondeni ninacholima si changu wala si chake. Ni cha mavyaa, mama yake mzazi, na baada ya masika alinipa kwa msimu mmoja tu. Alisema, tuone. Akiridhika nitaendelea, asiporidhika atampa Danieli, binamu wa mume wangu, ambaye amelitamani bonde lile tangu hajaota ndevu. Mimi sina shamba lingine huku.

Basi hilo ndilo lililokuwa likininyima raha msimu mzima.

Kazi ya kwanza niliyofanya ilikuwa kuchimba mifereji. Kiangazi kile, udongo mkavu kama unga wa muhogo, na mimi nimeinama na jembe nachimba njia za maji katikati ya matuta. Watu walipita wakicheka. Jirani yangu wa upande wa chini aliniuliza kama nangojea mto Pangani uhamie kwangu. Mavyaa hakucheka, alifanya kibaya zaidi: alinihurumia. Aliwaambia mkaza mwanawe ametoka nchi ya ukungu, mwacheni, atazoea.

Sikuwa nabii jamani. Kwetu milimani mtoto anajua mfereji kabla hajajua kusoma, kwa hiyo nililima nilivyofundishwa.

Vuli ya mwaka huu imekuja mapema. Matikiti yalikuwa yamebakiza siku chache yakomae, na nilikwisha acha kuyamwagilia, maana tikiti linalonyweshwa mwishoni huwa kubwa na halina ladha. Mara mbingu zikafunguka. Ikanyesha usiku kucha, kulipokucha ikaendelea.

Jumapili hiyo kanisani tulimshukuru Mungu kwa mvua. Watu wa mahindi waliimba kwa sauti zao zote, wengine wanafuta machozi. Mimi nilikuwa nafungua mdomo tu. Moyoni nilikuwa namwomba huyo huyo Mungu aifunge. Sijui mbinguni huwa wanafanyaje na maombi ya namna hiyo, benchi moja, mwenye mahindi anavutia huku na mwenye matikiti anavutia kule.

Tulipotoka nilikimbilia bondeni na nguo zangu za kanisani. Mashamba ya wenzangu yalikuwa yametuama maji kama majaruba ya mpunga. Kwangu maji yalikuwa yanaingia mferejini, yanajiendea zake kijitoni. Nilisimama kwenye matope nikacheka peke yangu. Yule wa mto Pangani alikuja kuazima jembe langu bila kunitazama usoni. Nilimpa, na mfereji wake wa kwanza tukachimba wote.

Lakini mfereji unaondoa maji yaliyo juu. Yale ambayo tikiti limeshakunywa, limeshakunywa.

Siku ya pili yake alikuja Bi Zuhura na kirikuu yake, kigari cha mizigo. Huyu ni mnunuzi wa matunda kutoka Usagara, mama mchangamfu, maneno yake asali. Alipoyaona matikiti yalivyovimba alifurahi. Akasema mvua imeninenepeshea mali, tupakie leo leo kabla haijarudi.

Ila kwa kina mume wangu hakuna kinachotoka shambani kwenda sokoni kabla ya kulimbuliwa. Tunda la kwanza hupelekwa kwa mwenye shamba, naye ndiye hula kipande cha kwanza. Hakuna mwingine anayegusa mpaka amemeza. Mimi nilidhani ni heshima tu, kama shikamoo. Nikachagua tikiti kubwa kuliko yote, nikalibeba kichwani kwa madaha, Bi Zuhura nyuma yangu.

Mavyaa alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nikampasulia, akatafuna taratibu, akameza, akatemea mbegu kiganjani, akawarushia kuku.

“Hili limeshiba maji,” akasema. “Halijashiba jua.”

Bi Zuhura akamwambia kwa adabu kwamba watu wa mjini wananunua kwa macho. Nilitegemea mavyaa atabishana naye, nimjuavyo. Hakubishana. Alinigeukia mimi.

“Shamba nimekupa wewe. Sema wewe.”

Nilitamani ardhi inimeze. Gari liko mlangoni, dereva ameshafungua nyuma, na wingu jeusi limekaa upande wa bahari. Mvua ikirudi, yataoza yote, na Danieli atakabidhiwa bonde kabla sijanawa matope. Nikiyauza, hakuna mtu wa Tanga atakayejua yamelimwa na nani. Lakini mavyaa atajua. Na mimi nitajua kila nikipita kwenye tuta. Nikachukua kipande changu nikaonja, na kweli, ilikuwa kama kunywa maji ya kisima yaliyotiwa rangi.

Nikasema hayaendi.

Bi Zuhura hakununa, biashara ni biashara. Akaenda kupakia kwa wengine. Danieli alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Msambaa kaliacha gari lipite anasubiri punda. Wengine waliniona hamnazo kabisa. Hata mume wangu, ambaye huwa haingilii mambo ya bonde, aliniuliza kama nina hakika. Nilimjibu ndiyo. Sikuwa nayo hata chembe.

Nikajikaza kisabuni. Nilikusanya makumbi ya nazi, nikayaweka chini ya kila tikiti ili tumbo lake lisilale kwenye unyevu. Nikaitia mifereji kina. Kila asubuhi nilitoka nje kabla ya kunawa uso, nikatazama mbingu kama mtu anayedai. Machache yalipasuka, nikayalisha mbuzi wa mavyaa, mwenyewe akiona. Wingu lile lilizunguka zunguka baharini, likaenda kunyeshea wengine. Jua likarudi, na likaendelea kurudi.

Jana Bi Zuhura alipiga simu. Wauza juisi wake wamemsuta vibaya, wanasema amewauzia mvua. Akaniuliza kama yale yangu bado yapo.

Yapo, nikasema. Nilijitahidi sauti isicheke.

Leo asubuhi sikutafuta kubwa. Nilichagua la kadiri, lenye tumbo la manjano, na kile kikamba kinachojisokota karibu na kikonyo kimekauka kabisa. Nikalipeleka. Bi Zuhura akasimama pembeni, na safari hii hakusema neno juu ya macho ya watu wa mjini.

Lilipasuka lenyewe kabla kisu hakijafika katikati.

Mavyaa akala kipande cha kwanza. Kisha akanyoosha mkono akachukua cha pili. Miaka yote niliyoishi kwenye ukoo huu sijawahi kumwona akichukua cha pili. Juisi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, wala hakujali. Kuku walishasogea, wamezoea. Nami nikawa namngojea azirushe zile mbegu.

Hakuzirusha. Alizifuta moja moja, akazifunga kwenye pindo la khanga.

“Hizi utazipanda pale pale,” akasema. “Na mwambie Danieli aje umwonyeshe mifereji.”

Nikasema ahsante mama, nikaingia jikoni kwa haraka kama niliyeacha chungu motoni. Hapakuwa na chungu. Nililia kule mpaka nikachoka, ndipo nikatoka kwenda kupakia.

Sasa hivi naandika haya nimekaa mlangoni, mgongo unaniuma na sijali. Mbegu zimeanikwa kwenye ungo, juu ya paa la banda la mavyaa, ambako kuku hawafiki. Kutoka hapa naziona.

Upande wa bahari naona wingu lingine linajikusanya. Kesho Jumapili. Nitaimba kwa sauti yangu yote, na mvua ije, mahindi ya watu yanaingoja.