Upande wa Kushoto wa Kiboko

Ifakara, Jumamosi, Julai 1996

Asubuhi kulikuwa na baridi na milima ya Udzungwa haikuonekana kabisa. Sasa ni alasiri, jua limelainika, mpunga wetu bado uko uwanjani, na mikono yangu inanuka petroli ingawa nimeinawa mara tatu.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padre kwenye kitubio. Ni mimi niliyeiharibu pikipiki ya Baba.

Nimeliandika, na paa halijaanguka.

Baba ni katekista. Ana vigango vinne, makanisa madogo ya vijijini, ng'ambo ya mto, na alikuwa akivifikia kwa pikipiki aliyoachiwa na padre mzee wa kizungu aliyerudi kwao nilipokuwa darasa la tano. Si kama zile ndogo za mabwana shamba. Ni kubwa, ya safari ndefu, ina kioo kipana mbele, masanduku mawili ya bati nyuma, na injini yenye silinda mbili zilizotokeza nje, moja kushoto na moja kulia, kama mashavu. Padre aliwahi kwenda nayo Mbeya na kurudi. Ina umri mkubwa kuliko wangu. Watoto wa mtaani wanaiita Kiboko, kwa sababu ya yale mashavu na kwa sababu hukoroma kabla ya kuwaka. Siku hizi hata Baba anaiita hivyo, akiwa hayuko na watu wa kanisa.

Padre aliacha pia kitabu cha matengenezo, cha Kiingereza. Kilikaa kabatini pamoja na vitabu vya sala mpaka nilipokichukua. Nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule. Wasichana wenzangu wa kidato cha tatu husoma barua za wavulana chini ya dawati. Mimi nilikuwa nasoma jinsi ya kupima nafasi ya valvu. Hilo nalo sikumwambia mtu.

Mwezi uliopita Baba alipanda lori kwenda Mahenge kwenye semina ya makatekista, siku tatu. Kitabu kinasema kabureta zisafishwe mara kwa mara, na najua hakuna aliyezisafisha tangu Padre aondoke. Nikaona nimfanyie Baba jambo jema kimyakimya. Napenda mambo mema ya kimyakimya kwa sababu hayahitaji kuzungumza. Kabureta ziko mbili, kila silinda na yake. Nilifungua ya kushoto, nikaosha kila kipande kwa petroli, nikavianika.

Nilivianika kwenye jamvi la mpunga.

Anayeishi hapa ataelewa. Wakati wa mavuno hakuna nyumba isiyo na jamvi uwanjani, na kila kitu kinachotaka kukauka huwekwa ukingoni mwa jamvi: viatu vya shule, dagaa, nguo za mtoto. Ndipo penye jua, na ndipo penye mtu wa kufukuza kuku. Siku ile mtu wa kufukuza kuku nilikuwa mimi, nami nilikuwa nasoma kitabu. Nilipoinua macho, tetea alikuwa amekwisha kupekua mpunga na kuumwaga juu ya vipande vyangu. Nilimfukuza, nikavipangusa vipande kwa kitenge, nikavirudisha kama picha inavyoonyesha. Nikajiona fundi.

Baba aliporudi alipakia masanduku yake akaondoka na Kiboko kwenda kwenye vigango. Alifika Kivukoni. Alipopunguza mwendo kuteremka kwenye pantoni, shavu la kushoto likafa, kisha injini yote ikazima katikati ya njia, na gari la mpunga liko nyuma yake linapiga honi. Watu waliokuwa wanasubiri kuvuka wakamsukuma kurudi juu. Kijana mmoja muuza samaki akamsaidia kuisukuma mpaka nyumbani. Baba alitusimulia usiku ule kama kichekesho, jinsi bibi mmoja alivyomwambia, "Katekista, kiboko wako ameogopa maji." Tukacheka. Lakini hakumaliza ugali wake, na mimi sikuugusa wangu.

Kesho yake akaja Fundi Chande, ambaye hutengeneza pikipiki na mashine zote za mtaa wetu.

"Shikamoo, fundi," nilisema, nikimpelekea maji ya kunywa.

"Marahaba, binti. Mzee wetu huyu anaumwa, eh?" Akapiga kiki. Kiboko akakoroma, akawaka upande mmoja, akatikisika, akazima. "Umesikia? Shavu moja limepooza."

Akatoa plagi ya kushoto, akaitazama ikitoa cheche. Moto upo. Akasugua kidevu kwa mkono wenye oili. "Katekista, kuna mtu amefungua kabureta hii?"

"Nani afungue?" Baba alisema. "Tangu Padre aondoke haijaguswa."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nimeshika kikombe kitupu. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi sana. Ni mimi, Baba. Nimewahi kukariri kurasa nzima, lakini maneno hayo matatu hayakutoka.

"Basi kama haijaguswa, ni ringi za pistoni, zimelika," Fundi alisema. "Na ringi za dude hili hazipo Ifakara, hazipo Dar. Hizo ziko kwao huko Ulaya."

Tangu siku ile Baba huenda kwa baiskeli. Hutoka alfajiri, hurudi goti limevimba, na Mama humkanda kwa maji ya moto. Kigango cha mbali zaidi hakijamwona wiki tatu. Mtoto mmoja huko alizikwa bila katekista. Habari hiyo tuliletewa na mtu aliyekuja mnadani, na Baba alitoka nje akakaa peke yake.

Kisha akajitokeza Mzee Lwambano wa Mang'ula. Anataka injini ya Kiboko imzungushie mashine ya kukoboa mpunga. Alimwambia Baba, "Fremu nitakuachia, mama atakuwa anaanikia nguo." Baba alikubali. Walipatana aje leo saa nane na gari.

Sasa naandika jambo la aibu kuliko lile la mwanzo. Wiki hizi zote nilikuwa natamani ziwe ringi kweli. Kama ni ringi zimekwisha kwa uzee, basi mimi sina kosa. Nilikisoma kitabu nikitafuta chochote cha kunisafisha. Badala yake nikakuta ukurasa unaoeleza jinsi ya kupima nguvu ya silinda bila chombo: toa plagi ya upande mmoja, sukuma kiki polepole kwa mkono, ringi za upande uliobaki zikiwa nzima utasikia uzito.

Juzi, Alhamisi, wote walipokuwa shambani, nilipima. Kulia, uzito. Kushoto, uzito uleule. Nikarudia. Uleule.

Ringi zilikuwa nzima. Fundi alikuwa amekosea kwa sababu aliambiwa uongo, na uongo ule ulisemwa na Baba yangu bila kujua, kwa sababu mimi nilinyamaza. Zaidi ya hapo kulikuwa na kitu kimoja tu kilichoguswa, na aliyekigusa namjua.

Leo asubuhi Mama alikwenda kumsaidia shangazi kupepeta. Baba alikuwa na kikao parokiani, si mbali na hapa. Kuku niliwafungia bandani wote. Nikachukua sahani nyeupe ya bati ya wageni, nikaiweka juu ya meza ndani, mbali na mpunga, na nikafungua kabureta ya kushoto kwa mara ya pili.

Bakuli la chini halihitaji hata spana, linashikwa na waya unaosukumwa kwa kidole gumba. Ndani kuna vijiti vidogo vya shaba vyenye tundu, mafundi wanaviita jeti. Kubwa ni ya mwendo wa kasi. Ndogo ni ya injini inapounguruma taratibu, na ndiyo maana Kiboko alikufa pale Baba alipopunguza mwendo. Nilielewa hilo nikiwa nimeshika bisibisi, na nusura nicheke peke yangu.

Nilitoa jeti ndogo ya kushoto. Nikatoa na ya kulia, ili nilinganishe. Nikatoka nazo mlangoni, nikainua ya kulia kwenye jua: kulikuwa na nuru, ndogo kama ncha ya sindano. Nikainua ya kushoto.

Giza.

Kitabu kinakataza kuchokoa kwa waya, kwa sababu tundu hupanuka. Nikaleta pampu ya baiskeli ya Baba, ileile baiskeli inayomvimbisha goti, nikapuliza. Mara ya tatu kikaruka kitu juu ya sahani, cha manjano, chembamba, kifupi kuliko punje. Kipande cha kapi la mpunga.

Nimekibandika hapa chini kwa uji wa ugali. Kinaonekana kama si kitu.

Nilirudisha kila kipande, nikafungua petroli, nikapanda. Miguu yangu ni ya msomaji, na kiki ya Kiboko si ya mtoto. Mara ya kwanza haikuwaka, ya pili haikuwaka. Ya tatu kiki ilirudi ikanipiga ugokoni, alama ipo. Ya nne akakoroma.

Akawaka. Mashavu yote mawili. Nilipunguza mafuta mpaka mwisho nikasubiri afe, naye akabaki pale akiunguruma polepole, sawasawa, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Sijui nitauelezaje mlio ule. Nimepata namba moja darasani mara mbili na sikuwahi kujisikia hivi. Nilisimama wima juu ya ile pikipiki kama nimepanda mlima.

Watu wawili waliusikia. Wa kwanza ni Mzee Lwambano, aliyekuwa anaingia uwanjani na gari lake kabla ya saa waliyopatana. Alishuka mikono kiunoni.

"Nimekuja kuchukua maiti," alisema, "kumbe anakoroma!"

Wa pili ni Baba. Alikuja mbio kutoka parokiani, na karatasi za kikao mkononi, na sijawahi kumwona akikimbia. Hakuniuliza kitu. Alichuchumaa upande wa kushoto akasogeza kiganja karibu na silinda mpaka joto likamfukuza. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Mungu amesikia," alisema. "Ijumaa tatu nimefunga kwa ajili ya pikipiki hii. Tatu!"

"Na mashine yangu ya kukoboa," Mzee Lwambano akasema, "itazungushwa na nini sasa, na sala?"

"Kanywe chai kwanza, mzee, hasira zipungue," Baba alimjibu, na wote wawili wakacheka, na lile gari likarudi Mang'ula tupu. Kabla ya kuondoka mzee aliniuliza, "Binti, wewe umefanyaje?"

"Nilipiga kiki tu, ikawaka."

Ndivyo nilivyosema. Mara ya kwanza nilidanganya kwa kunyamaza. Leo nilidanganya kwa mdomo.

Sasa hivi Baba yuko barazani, anaandika ushuhuda. Kesho atausema kanisani mbele ya watu wote, jinsi Kiboko alivyopona bila mkono wa fundi. Namsikia akijaribu sentensi kwa sauti.

Nitaandika ukweli kwa sababu daftari hili halina macho. Nina wivu. Sitaki Mungu apewe sifa za pampu ya baiskeli. Nataka Baba ajue kwamba ni mimi niliyepima, mimi niliyeliona giza ndani ya tundu, mimi niliyepiga kiki ile ya nne. Lakini nikisema niliitengeneza, ataniuliza nilijuaje pa kufungua. Nikitaka kimoja lazima nichukue na cha pili.

Na kesho atasimama mbele ya watu kusema jambo ambalo si kweli, kwa mara ya pili, kwa sababu yangu.

Nafunga daftari. Naenda.

*

Nimerudi.

Nilichukua sahani ya bati, kitabu, na daftari likiwa wazi ukurasa wa kapi. Nilikaa kwenye mkeka karibu na kiti chake nikamwambia yote kuanzia kuku.

Alikitazama kile kipande cha kapi. Kisha akasema, "Siku ile Fundi Chande alipouliza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Baba."

"Nikasema haijaguswa. Nikamfanya mzee wa watu aonekane hajui kazi." Aliichana karatasi ya ushuhuda mara moja, akaiweka chini ya kiti. "Kesho baada ya sala tutakwenda kwake wote wawili. Utasema wewe, si mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Na kigango cha mbali nitakwenda nawe Jumatatu. Wao pia nitawaeleza kwa nini sikuonekana." Akanyoosha mkono. "Haya, mama, nionyeshe hiyo nuru unayoisema."

Nilimpeleka kwa Kiboko. Nilifungua bakuli la kushoto kwa kidole gumba, nikatoa jeti, nikampa. Aliielekeza juani, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwita Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia na ungo kichwani, aje aone alichofanya mwanaye.

Niliirudisha jeti, nikafunga kabureta, nikanawa mikono mara ya nne. Halafu nikaenda kuanua mpunga kabla umande haujashuka.