Dada, Mwamba Haukufunguliwa Mapema

Dada Zainabu,

Tangu tumalize arobaini yako sijakwenda kuvua pweza. Maji yakipwa, wanawake wanapita hapa mlangoni wawili wawili, mmoja na mchokoo wa kumtolea pweza shimoni, mwingine na ndoo. Wananisalimia, wanapita. Hakuna anayeniambia twende. Wanajua mwenzangu ulikuwa wewe.

Nikupe habari za mwamba. Ulipofariki, ule mwamba ulikuwa bado umefungwa, watu wakivua miamba mingine tu, kama ulivyokubaliana na yule binti mtafiti wa chuo. Unakumbuka siku ya kwanza alivyokuwa anawapima pweza kwenye mzani, ukamwambia, "Mwanangu, mbona unawapima kama watoto wa kliniki?" Tulicheka mpaka naye akakosea kuandika. Halafu akatuonyesha jike mmoja aliyekonda, sisi tukidhani mgonjwa. Akasema haumwi, ameacha kula kwa sababu analinda mayai, na yakishaanguliwa atakufa. Njia nzima ya kurudi ulisema neno moja tu: "Kumbe tunawatoa wazazi." Jioni ile ile ukaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba kina mama wakubali kuufunga.

Sasa mwezi uliopita alikuja mnunuzi kutoka Mtwara mjini na gari lenye barafu. Watu wakataka mwamba ufunguliwe kabla ya muda. Kikao kikaitwa. Mtu akasema, "Aliyetufungia ameshazikwa, tunamngoja nani?"

Dada, ilikuwa kama umekufa tena.

Nikasimama. Bi Mwanahawa akanitania, "Hee! Somoe nawe kumbe una mdomo?" Wakacheka. Nikasahau nusu ya niliyotaka kusema. Niliwaeleza tu habari ya yule jike, nikaomba binti aitwe auangalie mwamba kwanza. Akisema tayari, tufungue.

Akaja. Nikaenda naye, pamoja na wavuvi wawili. Mashimo mengi yalikuwa na majike juu ya mayai. Wale wavuvi ndio walioongea tuliporudi, mimi sikuhitajika tena. Kikao kikakubali kusubiri hadi bamvua iliyopangwa, maji yatakapopwa sana.

Juzi ndiyo tumefungua. Ungewaona! Pweza wakubwa, ndoo hazikutosha. Bi Mwanahawa alitoka majini amelowa mpaka kichwani, anapiga vigelegele. Mimi nilikaa ufukoni, namsaidia binti kupima. Kila akiwekwa mkubwa kwenye mzani, nageuka kukuambia, umeona? Nageuka, hupo. Nimegeuka hivyo siku nzima, dada.

Binti anasema mwamba ufungwe tena msimu ujao, na mtu wa hapa hapa asimamie. Kina mama wamenitaja mimi. Ucheshi wako sina, na mbele za watu bado naogopa. Nimekubali.

Mungu akulaze pema, dada yangu. Nakuahidi, maadamu nipo hai, hakuna atakayeufungua mwamba kabla ya muda wake.

Mdogo wako,
Somoe