Kinyambuo cha Tisa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wajukuu wote. Goti linaendeleaje? Binti yako aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Nilicheka, maana mimi nazipanda zangu hivyo hivyo, ghorofa tatu, nikisimama kila kona kama mkaguzi wa majengo. Ukiacha hilo, mimi ni mzima. Kikohozi kimepungua, na dirisha la jikoni ambalo halikufunga vizuri kwa miaka kumi na mmoja limepata fundi.

Nataka kukusimulia habari za mwanafunzi wangu. Bado nafundisha, Jumamosi asubuhi tu, katika chumba kilicho nyuma ya duka la dobi. Ni watu wazima saba wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha ufundi, na chuo hakimpokei mtu bila barua yangu ya kumthibitisha. Mmoja wao ni mpiga pasi wa hapo hapo dobi. Wenzake wanamwita Mvuke. Daftari lake halina kunjo hata moja, nao humtania kwamba hulipitishia pasi kabla ya kuja darasani.

Mwezi uliopita niliwapa lile swali langu gumu. Chukua x, igawanye kwa (1 − x³), kisha inyambue mara kumi: yaani tafuta kasi ya badiliko lake, halafu kasi ya kasi hiyo, hivyo hivyo hadi ya kumi, useme ni ngapi x ikiwa sifuri. Kila hatua huzaa nyingine ndefu kuliko yenyewe. Nilitegemea wafike ya tatu wachoke, nami niwapime kwa uvumilivu.

Mvuke alitumia mistari miwili. Jibu: 3,628,800. Nilijua ameiba mahali. Nikamwita mbele, nikamwambia siwezi kumwandikia barua mtu anayenakili. Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye suruali, akaomba chaki.

Kwanza aliifungua ile sehemu ikawa mfululizo wa vipeo: x + x⁴ + x⁷ + x¹⁰, na kuendelea bila mwisho. Akaeleza kwamba kila ukinyambua, kila kipeo hushuka kwa moja, na namba ya kipeo huja mbele kuzidisha. Ukishafanya hivyo mara kumi, wenye vipeo vya chini ya kumi wamekwisha kabisa. Wa juu ya kumi bado wameshika x, kwa hiyo ukiweka sifuri, ambayo ndiyo kitovu cha mfululizo, wanatoweka nao.

“Mwalimu, mimi sikunyambua chochote,” alisema. “Niliangalia tu nani atabaki amesimama.”

Aliyebaki ni mmoja, mwenye kipeo cha kumi. Kizigeu chake, yaani namba inayomtangulia, ni moja, na katika kushuka kwake amezidishwa kwa kumi, kwa tisa, kwa nane, mpaka moja. Fundi bomba aliyekaa nyuma akasema basi huyu hata kinyambuo cha mia hakimtoi jasho. Mvuke akamjibu kwamba kinachomtoa jasho ni mashuka ya hoteli.

Sijui nikuelezeje nilivyofurahi. Nimewaona wenye shahada wakilivamia swali hilo kwa mabavu, wakijaza kurasa, wakipotea. Mtu huyu anayesimama saa tisa kwa siku kwenye joto la pasi alitulia, akatazama, akaona jibu limekwisha kuandikwa ndani ya swali. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake na barua yake nikaiandika siku hiyo hiyo. Mtihani ni wiki ijayo.

Lakini mkono ulisita nilipokuwa naandika, na sababu yake ni wewe.

Unakumbuka mtihani ule wa mchujo, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilipokuwa mwalimu wako darasani na dada yako nyumbani. Swali lilikuwa hili hili, ila niliuliza kinyambuo cha tisa. Wewe uliandika: “Ni sifuri, kwa sababu kipeo cha tisa hakipo.” Niliona umekata tamaa ukabuni kisingizio, nikakunyima alama zote. Zilipungua nne tu, jina lako likaachwa.

Swali hilo nilikuwa nimelitunga bila kulifanya mwenyewe. Jumapili iliyofuata nililifanya kwa njia ndefu, kurasa sita, nikaishia kwenye sifuri. Ulikuwa sahihi. Orodha ilikuwa imeshabandikwa, na mkuu wa shule alikuwa amenisifu kwa ukali wangu. Nikanyamaza. Miezi mitatu baadaye tukatawanyika, kila mmoja akavuka mpaka wake, nami nikajiambia muda umepita. Tangu hapo, kila ninapolitoa swali hilo, nauliza cha kumi.

Binti yako aliniambia jambo jingine pia: kwamba wajukuu wakikuuliza kwa nini uliacha shule, unawaambia hesabu zilikushinda. Usiwaambie hivyo tena. Waambie ulilipata jibu, na mwalimu ndiye aliyeshindwa. Wakiuliza ni mwalimu gani, wape jina langu.

Msalimie shemeji, na usilitumikishe goti. Nitasoma chochote utakachoniandikia, hata kama ni kikali.

Ni mimi, dada yako