Senje, Gari Lako Halipandi Tena Kinyumenyume

Senje, shangazi yangu mpendwa,

Gari lako lina injini kubwa sasa, na Baba alikubali. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza kabla hata ya kuitikia salamu.

Nikikukumbuka, nakuona umegeuza shingo. Ulikuwa muuguzi pale Iguhu, na hilo gari lako la bluu lilikuwa na injini ndogo isiyoweza kupanda kile kilima cha kutoka mtoni. Dereva mwingine angewashusha watu watembee. Wewe uligundua kwamba gia ya rivasi ina nguvu kuliko gia ya kwanza, basi tukifika mtoni uligeuza gari na kupanda kinyumenyume mpaka juu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mgongo wa kiti changu. Mimi, mtoto wa shule, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Watu wa kando ya barabara walikuamkua, nawe ukawajibu kwa majina yao bila haya yoyote.

Siku uliyonipeleka chuo cha ufundi, wakati shangazi za wenzangu walikuwa wakiwatafutia wachumba, uliniambia, "Ukishakuwa fundi, uifungie hii gari injini kubwa. Nimechoka kusalimia watu nikiwa nimewapa kisogo."

Nilikuwa fundi, Senje. Nina gereji yangu hapa Kakamega mjini. Lakini ulitangulia kabla sijaigusa injini hiyo, na baada ya mazishi gari likabaki nyumbani kwetu. Baba, kaka yako mdogo, alikuwa akiliwasha kila asubuhi kabla ya chai. Haendi popote. Anavuta kigoda, anakaa kando ya boneti na kusikiliza. Mama alitukataza kumsemesha wakati huo.

Nilipomtajia injini kubwa, hakunikaripia. Alisema tu, "Hiyo sauti ndiyo nimebaki nayo. Ukiitoa, nitakuwa nasikilizanga nini?"

Nikarudi gereji.

Kisha asubuhi moja akanipigia simu: gari limekataa kuwaka. Nilipofika nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikaona oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani. Bloku, kiwiliwili chenyewe cha injini, ilikuwa imepasuka. Baba akauliza kama inaweza kuchomelewa. Nimewaambia wateja wengi habari kama hiyo, lakini kumwambia yeye kwamba haiwezekani kulikuwa kama kumpa habari za kifo chako upya. Aliingia nyumbani na kufunga mlango.

Alasiri alitoka. "Mwenyewe alikuwa anataka nini?" aliniuliza.

Nikamwambia maneno yako ya siku ile, pamoja na hayo ya kisogo. Hakuwa ameyasikia. Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Huyo ni yeye," alisema. "Basi fanya."

Senje, laiti ungeona kazi hiyo. Nilipata injini kubwa kutoka kwa gari lililogongwa nyuma, mbele likabaki zima. Tuliitoa ile ya zamani kwa mnyororo, mimi na mwenzangu Wekesa, na ilipokuwa inaning'inia hewani ilionekana ndogo kama sufuria. Hiyo mpya ilikataa kuingia. Ilikuwa ndefu, ikagonga rejeta ya kupozea maji, ikabidi tuisogeze rejeta mbele. Vishikizo vya kuibebea havikulingana, nikakata vyuma na kuchomelea vingine. Tukabadilisha giaboksi, tukafupisha shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma, tukafunga springi ngumu za mbele. Wekesa alitaka tuiwashe hapo hapo. Nikakataa mpaka tufunge breki kubwa, kwa sababu wewe ulikuwa ukiwafunga bandeji wale waliosahau breki. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza. Nilikuwa naimba chini ya gari, na unajua jinsi ninavyoimba vibaya.

Ilipowaka, mlio wake ulikuwa mzito, umetulia. Wekesa alivua kofia.

Nikaenda kumchukua Baba. Alivaa koti lake la kanisani, akaketi kando yangu. Tulipofika mtoni, alisema kwa mazoea, "Geuza."

"Hatugeuzi leo, Baba."

Alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Niliweka gia ya pili, nikakanyaga mafuta, na gari lako likapanda uso mbele kana kwamba kilima kimesawazishwa. Yule mama anayeuza ndizi pale juu alisimama akashika kiuno. "Mwalimu," alimwita Baba, "leo mmekuja na macho?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Simama. Nipe usukani."

Nilidhani atazunguka tu na kurudi. Akapita njia ya nyumbani, akapita Kakamega mjini, akashika barabara ya Webuye. Nilipomuuliza tunaenda wapi, alinijibu, "Lumakanda. Kwa Felista." Ni dada yenu mkubwa, ambaye wewe hukuwahi kumfikia na gari hili, kila ulipojaribu lilichemka njiani ukarudi. Baba aliendesha taratibu, anabadilisha gia kama mtu anayepakata mtoto aliyelala.

Senje Felista alitoka kwenye mahindi, jembe mkononi. Aliliona gari la bluu likiingia uani mwake, akasimama kabisa. Baba akashuka. "Nimekuletea gari yake," alisema. "Imefika."

Senje Felista alichinja kuku, ile ingokho ya wageni, akasonga obusuma, ugali wetu, lakini chakula kilisubiri sana. Aliingia kwenye gari, akaketi kiti cha mbele na miguu nje, akapapasa mlango, usukani, kile kioo cha kutazamia nyuma. Baba akaketi upande wa pili. Wakaanza kusimulia habari zako. Jinsi ulivyomkimbiza jogoo wa jirani na kuangukia kisimani. Jinsi ulivyokataa posa kwa sababu mchumba alikuwa akitembea polepole. Mimi sikuwahi kuyasikia hayo.

Nilisimama kando ya boneti yenye joto, nikiwasikiliza. Tangu tukuzike, jina lako nyumbani lilikuwa linasemwa kwa sauti ya chini. Siku hiyo kaka yako na dada yako walikuwa wanapokonyana zamu ya kulitaja, wakicheka kwa nguvu, mpaka majirani wakaja uani kuuliza ni mgeni gani amefika.

Pumzika vyema, Senje. Huku hatujambo.

Ni mimi,
binti wa kaka yako, fundi wako.