Sebule Yangu na Simu ya Zaituni

Jumatatu, 8 Juni 2009
Betri ya TV imetoka kuchajiwa. Nimefagia sebule, nimetandika mikeka mitatu. Baada ya Magharibi wamekuja wanne. Mwaka jana walijaa mpaka mlangoni, na ukipiga chafya mchezo umeanza unazomewa. Leo wanne, wawili wameinamia simu. Nimeudhika.

Jumatano, 10 Juni
Kaja jirani yangu Bi Tatu, peke yake. Wengine, anasema, wanawekewa mchezo huohuo kwenye kadi ya simu, wanaangalia wamelala vitandani. Raha iliyoje!

Binti yangu Zaituni naye ana simu ya Kichina, filamu tele. Tunakaa kochi moja. Anacheka peke yake, waya masikioni. Nikiuliza kuna nini: "Hamna, mama."

Habari za Chumbi, ng'ambo ya mto, sina. Zamani aliyevuka mto alipita hapa kwanza, akasema mbele ya wote. Mwanahawa, shoga yangu wa huko, anaumwa. Tulichezwa unyago siku moja. Tuliahidiana: atakayetangulia, mwenzake amwoshe. Karafuu maiti na pamba ziko kwenye droo chini ya TV, mwaka wa saba huu.

Ijumaa, 12 Juni
Nimeshinda sebuleni na Zaituni. Yeye filamu, mimi kuchambua mchele. Simu ikilia anaibonyeza, anaendelea. Mara tatu. Matangazo ya kampuni, anasema. Jioni hakuja mtu, hata Bi Tatu.

Jumamosi, 13 Juni
Mwanahawa kazikwa. Jana. Baada ya Alasiri.

Kaniambia muuza nazi sokoni. Alishangaa kuniona bado niko hapa Kibiti. Kapu lilinitoka mkononi.

Bi Tatu alikwenda. Nusu ya mtaa ilikwenda! Wote walipata ujumbe kwenye simu. Hakuna aliyenigongea mlango. Mwoshaji hutangulia, kwa hiyo kila mmoja alidhani nimeondoka asubuhi. Siamini. Naandika na bado siamini.

Jumapili, 14 Juni
Chumbi. Kaburi bado bichi. Kaoshwa na mama mmoja wa pale, mtu mwema. Si mimi. Asha, bintiye, kanipokea vizuri, ila hakunitazama usoni. Anasema alituma ujumbe kwenye simu ya Zaituni. Nilimkabidhi karafuu maiti na pamba, sijui kwa nini. Mimi ataniosha nani?

Jumatatu, 15 Juni
Nimemfokea Zaituni mpaka sauti ikakauka. Simu kaizima, kaitupa kabatini. Analia tu. Sina huruma naye leo.

Alhamisi, 18 Juni
Betri sijaipeleka kuchajiwa. Mikeka nimeikunja.

Baada ya Adhuhuri nilimwambia Zaituni aiwashe simu, akae kwenye kochi, anisomee meseji za Ijumaa kwa sauti. Zilikuwa tatu, zote za Asha.

"Mama katutoka. Mwambie mama yako awahi, tunamsubiri aoshe."

"Mama yako yuko wapi?"

"Tumemwosha."

Nikamwambia asome tena. Kasoma. Nilikuwa nimekaa upande uleule wa kochi niliokaa Ijumaa.